Fyuzi Hulinda Waya, na Waya Hulinda Mtu



Tunapozungumzia usalama kazini, mara nyingi tunataja mashine zinazokata vidole na dawa za sumu mashambani. Leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo: unene wa waya na ukubwa wa fyuzi. Jambo hili huunguza magari, maduka na nyumba. Na moto ukishatokea, anayelaumiwa ni fundi au kibarua wake, ambaye huenda aliamriwa na tajiri: "Funga haraka, gari liondoke."

Tuangalie Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi. Kambi hii ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Nyumba zimebanana. Pale ambapo kinyozi au mchaji simu anategemea betri na sola, waya moja iliyofungwa vibaya inaweza kuwatia hasara majirani wengi.

Ukitoka Lilongwe kwenda huko kwa barabara kuu ya kaskazini, unapita Lumbadzi, penye njia ya kuingia uwanja wa ndege wa Kamuzu. Basi dogo unalopanda na ndege ndogo inayotua uwanjani zina kifaa cha aina moja, yaani alternata. Huzungushwa na injini, hulisha taa na redio, na hujaza betri. Ndege ya Cessna 172 ya matoleo ya karibuni ina alternata ya ampea 60 kwa volti 28. Basi la betri ya volti 12 hufanya kazi kwa volti 14 hivi. Barabarani, moshi ukitokea, dereva husimama abiria wakashuka. Angani rubani hana pa kusimama. Ndiyo sababu mafundi wa ndege huchagua waya kwa hesabu, wala si kwa kukisia. Hesabu hiyo inatufaa sisi sote.

Kwanza, waya. Umeme ukipita kwenye waya huipasha joto, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Pili, waya ndefu na nyembamba hula volti njiani. Tuseme duka linatumia ampea 10 kutoka betri ya volti 12 iliyo umbali wa mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10. Waya ya shaba ya milimita 1.5 za mraba itapoteza volti 1.2 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wote. Ukifunga ya milimita 4 za mraba, utapoteza chini ya nusu volti. Upotevu ule ule wa volti 1.2 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 hata usingeuona. Basi asikudanganye mtu kwamba umeme wa betri ni mdogo kwa hiyo waya yoyote inatosha. Volti zikiwa chache, kazi ile ile hudai ampea nyingi, na ampea ndizo zinazodai waya nene.

Sasa fyuzi. Wengi hudhani fyuzi imewekwa kulinda redio au taa. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Kwa hiyo kuna ngazi tatu za kukumbuka: mzigo uwe chini ya fyuzi, na fyuzi iwe chini ya uwezo wa waya. Alternata ya ampea 60 usiiwekee fyuzi ya 60 kamili, maana ikiwa baridi inaweza kutoa zaidi kidogo ya kiwango kilichoandikwa. Fyuzi itakatika bila kosa, na dereva aliyechoka ataweka msumari. Weka ya 70 au 80, mradi waya iwe na uwezo kuizidi.

Fyuzi hiyo ikae wapi? Ikae karibu na betri. Alternata ikizidiwa huishia karibu na kiwango chake, lakini betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa nukta moja. Waya ya alternata ikigusa bodi, au alternata yenyewe ikipiga shoti ndani, moto utaletwa na betri. Fyuzi iliyo mbali nayo inaacha kipande kirefu cha waya bila mlinzi. Kwenye sola ni vivyo hivyo.

Hata hivyo, fyuzi peke yake haitoshi. Mwaka 1998 ndege ya Swissair safari namba 111 ilianguka baharini karibu na Kanada, wakafa watu wote 229. Wachunguzi walikuta dalili za cheche za umeme kwenye nyaya juu ya dari, na vifaa vya kukata umeme havikuundwa kutambua cheche za namna ile. Waya isiachwe isuguane na chuma, na iliyochubuka ibadilishwe.

Ndugu, kujua haya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuweza kukataa. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yanayobana kazi ya mshahara na uhuru wa kutembea. Kibarua mkimbizi asiye na karatasi akiambiwa aweke msumari mahali pa fyuzi, atakataaje? Mwenye mkataba na kadi ya chama hana budi kumsemea. Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake.

Kwa hiyo tudai mambo matatu katika kila gereji, kiwanda na shamba: fyuzi za akiba za ukubwa sahihi, zilizonunuliwa na mwajiri; ukubwa wa kila fyuzi uandikwe kando yake; na fyuzi ikikatika mara ya pili, kazi isimame mpaka sababu ijulikane. Bei ya fyuzi ni ndogo. Mwajiri asiokoe senti kwa kuhatarisha ngozi yetu.