Kustaafu si kungoja kaburi: yaliyonifunza mbwa na kamera

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Tangu nilipowakabidhi chaki walimu walio vijana kuliko mimi, nimekuwa mwenda pole kwelikweli. Kila asubuhi, umande ungali majanini, mimi hutoka nyumbani kwangu hapa Iguhu, katika eneo la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, kamera ikiwa imening'inia shingoni, na mbele yangu akitangulia mbwa wa rangi ya mchanga aitwaye Chalbi. Twateremka hadi kingo za Mto Yala, twasimama, twatazama, kisha twarejea nyumbani jua likianza kuwa kali.

Wazee wa rika langu, ambao burudani yao ni kwenda kutazama fahali wakipigana, huniona kituko. Huuliza, ni mzee gani huyu aliyesoma akafundisha, naye sasa hana la kufanya ila kupiga picha majani na ndege? Swali lao ni la haki. Leo nataka kulijibu mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi, kwa kuwa jibu lake lawahusu wao zaidi ya linavyonihusu mimi.

Jina la mbwa wangu litamwonyesha msomaji mahali hadithi hii ilipoanzia. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia huko Marsabit. Nilipopata barua ya kwenda huko nikiwa kijana, nilidhani nimeadhibiwa. Hebu fikiria mtoto wa Kakamega, ambako mvua ya mwaka hufikia takriban milimita 2,000, akipelekwa ukingoni mwa Jangwa la Chalbi, mahali ambapo miaka mingi hupita mvua isifike hata milimita 200! Siku hizo barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale haikuwapo. Tulisafiri juu ya malori, tukifika tumegeuka rangi kwa vumbi.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, mashariki mwa Ziwa Turkana. Chumvi yake hung'aa mchana hata macho yakauma. Miezi ya kwanza niliona utupu tu. Kisha nikanunua kamera kuukuu ya filamu, yenye uwezo wa kupiga picha 36 na basi. Filamu ilikuwa ghali, na kuisafisha kulihitaji kuituma mbali. Kwa hiyo sikuthubutu kubonyeza kitufe ovyo. Nilitazama kwanza, tena kwa muda mrefu, ndipo nikapiga.

Kwa kutazama hivyo nikaanza kuona. Pale Kalacha, penye chemchemi na mikoma, niliwaona firigogo wakishuka makundi kwa makundi asubuhi kunywa maji. Niliona dume akijitumbukiza majini hadi kifuani, akajitikisa, akaruka. Mzee mmoja wa Kigabra ndiye aliyenieleza kwamba ndege yule hakuwa akioga. Manyoya ya tumbo lake hufyonza maji kama sifongo, naye huyabeba umbali mrefu hadi kwa makinda yake ambayo hayajaweza kuruka. Mzee yule hakuwa ameingia darasani hata siku moja. Mimi niliyekuwa na cheti nilisimama mbele yake kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Naam, ndugu msomaji, ndipo nilipotambua kwamba mahali tunapopaita patupu mara nyingi ni mahali ambapo hatujajifunza kutazama.

Umri wa kustaafu nchini Kenya uliongezwa mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60. Miaka hiyo mitano ni neema, lakini haikubadili jambo moja: siku ya mwisho ya kazi humkuta mwalimu hajajiandaa kwa siku ya kwanza ya mapumziko. Nimewazika wenzangu kadhaa waliorudi nyumbani wakiwa wazima, wakaketi kivulini, wakaanza kunyong'onyea. Mtu aliyeamshwa na kengele kwa zaidi ya miaka 30 akinyamaziwa na kengele hiyo ghafla, hujiona hana haja ya kuamka. Mimi pia nilianza njia hiyo. Aliyeniokoa ni mbwa. Mbwa hajui kwamba umestaafu. Alfajiri atakuja mlangoni na kukwaruza, nawe huna budi kuamka.

Hata hivyo, matembezi yangu hayakuanza vyema. Katika kijiji chetu, mtu anayezunguka na kamera akitazama ardhi huogopwa, wala hofu hiyo si ya kijinga. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na wageni wakamiminika. Sheria iliyokuwa imepitishwa mwaka 1930 kulinda ardhi ya Waafrika ikarekebishwa mwaka 1932, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji bila ya wenyewe kupewa nyingine badala yake. Babu zetu walijifunza kwamba karatasi ya serikali huweza kugeuka kabla wino haujakauka. Hadi leo vijana wa Ikolomani hushuka mashimoni kutafuta dhahabu kwa sururu na karai, na wapo waliofukiwa humo. Basi mama mmoja jirani yangu aliponikuta ukingoni mwa shamba lake, aliniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, unampimia nani?"

Sikukasirika. Nilimwonyesha picha zote, moja baada ya nyingine: hondohondo juu ya mkuyu, kipepeo juu ya kinyesi cha ng'ombe, Chalbi akimbwekea kenge. Alicheka sana. Tangu siku ile sipigi picha katika shamba la mtu kabla ya kubisha hodi. Na yule mama ndiye huniita ndege wakija kwenye mkuyu wake.

Msitu wa Kakamega hauko mbali nasi. Ni masalio, katika ardhi ya Kenya, ya ule msitu wa mvua ambao asili yake ni Kongo, na ndani yake zimehesabiwa aina zaidi ya 300 za ndege. Sehemu ya kaskazini ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na katika hifadhi mbwa haruhusiwi. Sharti hilo ni la haki, nami nalitii. Mbwa ni mwindaji hata akiwa mpole. Kwa hiyo sisi wawili tumejiwekea mipaka: twatembea nje ya hifadhi, kando ya mashamba na mito, Chalbi akiwa ameshikwa kamba penye viota, na kila mwaka akichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Karibu na kwangu ipo chemchemi ambayo mama yangu aliteka maji. Katika likizo moja, nikiwa bado nafundisha kaskazini, niliipiga picha. Mafunjo yalikuwa yamesongamana, na maji yalijaa hadi kwenye jiwe la kufulia. Miaka kadhaa baada ya kustaafu nilisimama pale pale na kupiga picha nyingine. Nilipoziweka mezani bega kwa bega, moyo ulinishtuka. Mafunjo yalikuwa yametoweka, na maji yamerudi nyuma yakawa kidimbwi. Badala ya mafunjo palisimama safu ya mikaratusi iliyonyooka kama askari.

Nilijiandaa kumlaumu jirani, kumbe nyani haoni kundule. Mikaratusi ile niliipanda mimi. Niliipanda kwa mikono yangu katika likizo nyingine, nikikusudia kuuza nguzo ili nilipe karo za watoto. Nguzo ziliuzwa, karo zikalipwa, na chemchemi ya mama yangu ikalipa deni ambalo haikukopa. Mti huo, asili yake Australia, hukua haraka kwa sababu hunywa sana. Jambo hilo nilikuwa nimelifundisha darasani!

Isitoshe, hasara haiishii kwenye maji. Watafiti wa malaria, wakiwamo wa taasisi yetu ya KEMRI, wamefanya kazi kwa miaka mingi hapa hapa Iguhu. Walionyesha kwamba penye miti na mafunjo yaliyofyekwa, madimbwi hupata jua na joto, na viluwiluwi vya mbu wa malaria hukua upesi zaidi kuliko penye kivuli. Anayefyeka bonde, basi, huwakaribisha mbu kitandani mwa mwanawe.

Mikaratusi ile nimeikata na kung'oa visiki, kwa kuwa kisiki cha mkaratusi kikiachwa huchipuka tena. Mafunjo machache yameanza kurejea. Maji hayajafika kwenye jiwe la mama yangu, na huenda nisiyaone yakifika. Hata hivyo, kila tarehe mosi ya mwezi naenda kupiga picha ile ile, kutoka mahali pale pale, Chalbi akiwa amelala juu ya jiwe.

Walimu wenzangu, hili ndilo ninalowaomba. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Mazingira ya shule ni maabara isiyo na kodi. Chagueni mahali pamoja: kijito, mti, mteremko unaomomonyoka. Pigeni picha moja kila mwezi kwa simu ya mwalimu, andikeni tarehe nyuma yake au daftarini, na mtunze. Asiye na simu achore. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na ushahidi ambao hakuna mwanasiasa awezaye kuubishia, nao wanafunzi watakuwa wamejifunza sayansi, jiografia na uaminifu kwa pamoja.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mzee amesimama kichakani na mbwa, msimcheke wala msimkimbie. Msalimuni, mkamwulize anatazama nini. Wapo wazee wengi vijijini wanaojua majina ya miti na mahali chemchemi zilipokuwa, na wanaondoka mmoja mmoja bila kuulizwa swali.

Mimi nilichelewa kumwuliza mama yangu. Jiwe lake ninalo pichani, lakini jina aliloiita chemchemi ile silikumbuki tena.