Mechi Moja Tu, Halafu Nalala

Hebu fikiri, msomaji, kwamba uko Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, na saa zimetimu saba za usiku. Mbwa wamenyamaza. Katika chumba cha nje kijana wa miaka ishirini ameketi kitandani, blanketi mabegani, uso wake ukimulikwa na mwanga wa kompyuta. Ukimwuliza mbona hajalala, atakujibu bila ya kuinua macho: "Mjomba, mechi moja tu, halafu nalala." Nakuhakikishia kwamba mechi hiyo moja ni ya sita tangu alipotoa ahadi hiyo mara ya kwanza.

Kijana huyo ni mpwa wangu, na jina lake nitalihifadhi kwa kuwa bado ana mke wa kutafuta. Nilikwenda kumtembelea dada yangu, aliyeolewa huko, kwa nia ya kupumzika na kelele za Nairobi. Badala yake nilijikuta nikilala chumba kimoja na meneja wa klabu ya daraja la pili ya Ureno.

Huenda wewe mzazi unadhani michezo yote ya kompyuta ni ile ya kubonyeza vidole mbio mbio, watu wakipigana ngumi au magari yakigongana. La hasha. Katika mchezo huu hapigwi mpira hata mmoja na mchezaji mwenyewe. Yeye ni meneja. Anapewa klabu, anapewa fedha, kisha anaachiwa maswali yale yale yanayowanyima usingizi makocha wa kweli. Nani aanze na nani akae benchi? Mlinzi wa kushoto anataka nyongeza ya mshahara. Apewe au auzwe? Mwenyekiti amenuna, mashabiki wanazomea, na mshambuliaji pekee ameumia goti wiki mbili kabla ya fainali. Akishapanga kila kitu, mechi huchezwa na kompyuta yenyewe, naye hukaa akitazama huku moyo ukimdunda.

Mambo haya si ya jana. Mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa mchezo alioubuni mwenyewe ulioitwa Football Manager, na kampuni aliyoianzisha kuuuza aliipa jina la Addictive Games, yaani michezo inayotia uraibu. Mtu hawezi kusema hakuonywa! Miaka kumi baadaye, mwaka 1992, ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa mchezo wao, Championship Manager, waliouandika nyumbani kwao huko huko Uingereza. Ule wa kwanza ulikuwa na wachezaji wenye majina ya kubuni. Toleo la 1993 likaja na majina ya kweli, na hapo ndipo moto ulipowaka. Baada ya kutengana na wachapishaji wao, ndugu hao na kampuni yao ya Sports Interactive walianza upya mwaka 2004, na mchezo wao tangu hapo ukaitwa Football Manager, jina lile lile la bwana Toms.

Nguvu ya mchezo huo ni ukweli wake. Nyuma yake kuna daftari kubwa mno la wachezaji wa dunia nzima, linalojazwa na watu zaidi ya elfu moja wanaokwenda viwanjani katika nchi zao na kuandika waliyoyaona. Kila mchezaji hupewa alama kati ya 1 na 20 kwa kasi, kwa pasi, kwa ujasiri, hata kwa tabia. Klabu zenyewe zimeheshimu daftari hilo. Mwaka 2008 Everton ilitia saini mkataba wa kulitumia katika kutafuta wachezaji. Ndiyo, Everton ile ile iliyokuja Dar es Salaam Julai 2017 na kuifunga Gor Mahia 2-1, Wayne Rooney akitikisa wavu kwa mkwaju wa mbali.

Lakini daftari hilo pia hukosea, na makosa yake yana utamu wake. Mashabiki wa zamani bado wanamtaja Tonton Zola Moukoko, kijana aliyezaliwa Kinshasa, akalelewa Sweden na kuchukuliwa na Derby County ya Uingereza akiwa bado mdogo. Katika toleo la msimu wa 2001/02 alikuwa dhahabu tupu: ukimnunua kwa bei ya karanga, baada ya misimu miwili anakuletea kombe. Katika dunia yetu hii hakuwahi kucheza hata mechi moja katika kikosi cha kwanza cha Derby. Aliishia kuzunguka klabu ndogo ndogo, huku watu wasiomjua wakimsifu kwa mabao ambayo hakuyafunga.

Mimi ni mmoja wao. Msomaji, sikukusudia kukueleza haya, lakini nikimcheka mpwa wangu nitakuwa mnafiki. Mwaka 2002 nilikuwa na kazi mjini na kompyuta ya ofisi iliyobaki bila mwenyewe jioni. Siku moja mtoto wetu aliamka na homa. Nilinunua dawa saa za chakula cha mchana, nikaitia katika mfuko wa koti, na saa kumi na mbili jioni nikampigia mke wangu simu kumwambia nakuja sasa hivi. Kisha nikasema nimalize mechi moja tu, kwa sababu Moukoko alikuwa amebakisha bao moja kufikisha thelathini. Nilifika nyumbani saa tano. Dawa ilikuwa bado mfukoni. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini mke wangu hakunisemesha kwa siku tatu, na sikuwa na la kujitetea.

Sasa, kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anaweza kufanya hivyo? Nimelifikiria sana swali hili. Jibu la kwanza ni kwamba mchezo huu hauna mwisho. Sinema huisha, kitabu huisha, hata mechi ya kweli ina dakika 90 na mwamuzi mwenye filimbi. Hapa, ukimaliza mechi, kuna habari ya mchezaji anayeuzwa Brazil. Ukimnunua, unataka kuona atachezaje. Akicheza vibaya, unataka kusawazisha mambo kabla ya kulala. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927 kwamba mtu hukumbuka zaidi kazi aliyoikatiza kuliko aliyoimaliza. Mchezo huu ni kazi iliyokatizwa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Jibu la pili ni bahati. Kuna siku unapanga timu vizuri unafungwa, na kuna siku unapanga ovyo unashinda. Lau ungeshinda kila siku ungechoka, na lau ungeshindwa kila siku ungeacha. Kule kutojua ndiko kunakokushika shati, kama mvuvi anayetupa ndoano mara nyingine kwa kuwa samaki amegusa chambo.

Jibu la tatu, kwa maoni yangu, ndilo kubwa, ingawa halitajwi sana. Kijana kama mpwa wangu hana anachokiamuru. Amemaliza shule, anasubiri karo ya chuo, na kila mtu nyumbani ana la kumtuma. Lakini ndani ya ile kompyuta kuukuu, aliyonunuliwa kwa ajili ya masomo, watu hamsini wanasubiri neno lake. Akisema kuuzwa, mtu anauzwa. Nani asingependa?

Basi sikiliza yaliyotokea. Burat, kama hukufika, iko pale ambapo miteremko ya Mlima Kenya inaishia na nyika ya kaskazini inaanza, kiasi cha kilomita 280 kutoka Nairobi. Ni nchi ya mifugo, lakini kandokando ya Mto Isiolo watu hulima kwa maji ya mifereji: nyanya, vitunguu, sukuma wiki, mahindi. Maji hayatoshi watu wote kwa wakati mmoja, kwa hivyo kuna zamu. Zamu ya dada yangu ilikuwa mara moja kwa wiki, kuanzia saa sita za usiku. Kazi ya kwenda kufungua mlango wa mfereji ilikuwa ya kijana. Na nyanya zile, zilizokuwa zimeanza kutoa maua, ndizo zilizotarajiwa kulipa karo yake.

Usiku huo saa sita ilimkuta katika robo fainali ya kombe. Nilimkumbusha. Akasema ndiyo mjomba, ni dakika ya 70. Mimi nikalala, na hilo ni kosa langu. Robo fainali ikaenda muda wa ziada, kisha mikwaju ya penalti. Alipokumbuka ilikuwa saa nane na nusu.

Aliyekuwa shambani ni mama yake. Alikuwa ameamka, hakusikia maji, akachukua tochi na jembe na kwenda peke yake. Usiku Burat si mahali pa kutembea ovyo. Ndovu hushuka mashambani, na wezi wa mifugo hawapigi hodi. Tulimkuta akiwa magotini katika matope, tochi ameibana kwa meno, maji yakimfikia kwa uchache kwani muda mwingi wa zamu ulikuwa umepita na mwenye zamu ya pili alikuwa tayari anasubiri. Hakumgombeza mwanawe. Alimwuliza tu, "Mmeshinda?"

Kijana hakujibu. Afadhali angepigwa.

Mistari minne ilipata maji. Iliyosalia ilingoja wiki nzima katika jua lile, na maua mengi yakapukutika.

Mzazi unayesoma haya huenda sasa umesimama kwenda kuificha kompyuta ya mwanao. Keti kwanza. Huenda wewe mwenyewe uko katika mtego kama huo na hujui. Kuna mchezo wa bure wa ligi kuu ya Uingereza, Fantasy Premier League, ulioanza mwaka 2002, ambao umeenea ofisini na vyuoni kote nchini. Unapewa pauni milioni 100 za kubuni, unachagua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja, na pointi zinategemea wanavyocheza kweli. Nimewaona mababa wenye vitambi wakikatiza ibada ili wabadilishe nahodha kabla ya muda kufungwa, saa moja na nusu kabla ya mechi ya kwanza. Hao wanamkanya nani?

Tena tusichanganye mambo. Kucheza umeneja si kamari. Hakuna shilingi inayowekwa. Ila jirani yake ni kamari, na kijana anayejiona bingwa wa kubashiri matokeo hushawishika kwa urahisi kuuvuka ua. Hapo ndipo pa kumwangalia kwa makini zaidi.

Shirika la Afya Ulimwenguni liliidhinisha mwaka 2019, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, kwamba uraibu wa michezo ya kompyuta unaweza kuwa maradhi. Lakini soma masharti yake. Mtu awe ameshindwa kujizuia, mchezo uwe umetangulia mambo mengine yote ya maisha, naye aendelee ijapokuwa anaona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kijana anayekesha wakati wa likizo si mgonjwa. Mwaka 2025 toleo la Football Manager la msimu huo lilifutwa kabisa mwezi wa Februari, na mashabiki waliosubiri waliendelea na la zamani au wakatafuta jingine la kufanya hadi jipya lilipotoka Novemba. Hakuna aliyekufa.

Nilichokiona kikisaidia ni kitu kidogo. Kumwambia mtu "zima saa nne" ni kumkatiza katikati ya mechi, na mechi iliyokatizwa huendelea kichwani. Dada yangu, ambaye hajui kompyuta, aligundua mwenyewe. Alimwambia, "Niambie unamaliza baada ya mechi ya nani." Kijana akataja jina la timu. Ilipokwisha, mama alikuwa mlangoni. Na usiku wa zamu kompyuta hulala chumbani kwa mama.

Kuna jambo jingine la kumsifu. Mchezo ule haumpi mtu Gor Mahia wala AFC Leopards kuongoza. Katika Afrika, ligi waliyoiweka tayari kuchezwa ni ya Afrika Kusini. Jambo hilo lilimkera. Kwa hivyo akatumia programu ya kurekebisha daftari na kuunda timu ya Burat, akiwatia humo vijana wenzake wanaocheza kabumbu jioni kwenye uwanja wa vumbi. Wiki mbili alikaa akiwapa alama. Kila mtu alitaka kujua amepewa ngapi. Mmoja, mchunga ng'ombe mwembamba wa miguu mirefu, aliposikia amepewa 7 ya kasi alikasirika hata akakataa kumwamkia.

Jumapili niliyokuwa nikiondoka walicheza wao kwa wao. Mpwa wangu, ambaye alikuwa hajagusa mpira wa kweli kwa miezi, alipangwa kumlinda huyo huyo mchunga ng'ombe. Sitakusimulia yote. Kipindi cha kwanza kilikuwa hakijaisha na kijana wetu alishapitwa mara nne, ya nne akiwa ameketi chini. Watoto walicheka hadi wakalia.

Jioni, nikifunga mkoba wangu, nilimwona amefungua kompyuta. Nikadhani ndiyo yale yale. Aliandika namba moja tu, akaihifadhi, akaizima. Nilipomwuliza amefanya nini, alisema amempa yule 16, kisha akachukua tochi kwenda kuzibua mfereji uliokuwa umeziba majani.