Chembe Sahani Zimepungua: Umeze Dawa Gani ya Maumivu?

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo tunamjibu mama mmoja aliyekuja studio na daftari lake la matibabu. Kipimo kimeonyesha chembe sahani za damu yake zimepungua. Mgongo unamuuma kwa kubeba maji, na jirani amempa diklofenaki iliyobaki nyumbani kwake. Anauliza: "Mwanangu, nimeze au niache?"

Mama, usimeze.

Chembe sahani ndizo huziba mahali damu inapovuja. Mtu mwenye afya huwa na 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Malaria ni moja ya magonjwa yanayozipunguza. Sasa, aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ile wengi wanayoiita Brufen, huzuia hata chembe chache zilizobaki zisifanye kazi vizuri. Pia huweza kuchubua tumbo likavuja damu. Athari ya aspirini hukaa siku 7 hadi 10, mpaka mwili utengeneze chembe mpya.

Dawa inayochaguliwa kwa kawaida ni parasetamoli. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, husubiri saa 6 kabla ya kurudia, na havizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe sana, au mwenye uzito chini ya kilo 50, amuulize kwanza mhudumu wa afya. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake.

[Muziki mfupi]

Ukiwa dukani, uliza: "Hiki kidonge kina aspirini ndani?" Vidonge vingine vya kichwa vimechanganywa. Kabla ya kuchomwa sindano ya takoni, onyesha daftari lako, maana damu inaweza kuvilia kwenye msuli. Na kama daktari alikuandikia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe. Rudi kwake umwonyeshe kipimo.

Kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, choo kikiwa cheusi kama lami, damu ya pua ikikataa kukoma, au vidoa vyekundu vikiongezeka kwenye ngozi, usitafute kidonge. Nenda kituo cha afya, hata kama ni usiku.

Mama, mshukuru jirani, umrudishie dawa yake. Na umweleze sababu.

[Muziki wa kufunga]