Makoti ya mitumba: jina kubwa si faida kubwa

BIASHARA ya makoti ya mitumba inaweza kumnyanyua mfanyabiashara mdogo kwa belo moja na kumwangusha kwa belo linalofuata. Mara nyingi tofauti haitokani na bei ya kununulia, bali na kile mnunuzi anachokijua kuhusu koti kabla ya kutoa fedha zake.

Katika masoko ya Mchikichini (Karume) na Manzese jijini Dar es Salaam, Gikomba na Toi jijini Nairobi, na Owino jijini Kampala, wachuuzi wa makoti ni wa aina mbili. Wako wanaonunua belo zima likiwa limefungwa, na wako wanaosubiri lifunguliwe ili wachague koti moja moja. Hawa wa pili hulipa zaidi kwa kila koti, lakini wanaona wanachokinunua. Nairobi, bidhaa bora inayonyakuliwa mwanzo huitwa "kamera", na mabaki ya mwisho huitwa "fagia". Kati ya kamera na fagia ndipo mtaji hupona au hupotea.

Koti jepesi na joto la pwani

Koti linalofaa kuangaliwa kwa makini na mchuuzi wa pwani ni bleza jepesi: halina mito mabegani, halina kitambaa kigumu kifuani, na bitana yake ni nusu au haipo kabisa. Mara nyingi mifuko yake ni ya kubandika juu kama ya shati.

Mtindo huu si mgeni. Huko Naples, Italia, katika miaka ya 1930, fundi Vincenzo Attolini alipunguza mito na bitana katika makoti aliyoyashona kwenye duka la Rubinacci. Giorgio Armani, aliyefungua kampuni yake mwaka 1975 na kufariki Septemba 2025, aliufanya ushonaji laini wa aina hiyo kuwa biashara ya dunia. Filamu ya "American Gigolo" ya mwaka 1980, ambayo mhusika wake mkuu alivaa nguo za Armani, ilimtangaza sana Marekani.

Kwa mvaaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, sababu ni rahisi zaidi: joto. Mtumishi wa ofisi anayetakiwa kuvaa koti, au bwana harusi wa mchana, atavumilia bleza la kitani au pamba kuliko koti la sufu lenye bitana nzima. Koti zito lina soko lake Njombe, Makambako, Mbeya na Arusha, hasa katika baridi ya Juni na Julai. Kulibakiza Kariakoo ni kulaza mtaji.

Hesabu ya kilo

Jambo linalosahauliwa ni kwamba belo hununuliwa kwa uzito lakini huuzwa kwa kipande. Belo la kawaida lina kilo 45. Makoti mazito ya gramu 900 kila moja yatakuwa 50. Mepesi ya gramu 600 yatakuwa 75.

Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa tu na si bei ya soko, belo limegharimu Sh 900,000. Kila koti zito limesimama kwa Sh 18,000, na kila jepesi kwa Sh 12,000. Katika yale 75, mchuuzi akipata 15 bora ya kuuza Sh 30,000, 40 ya kati kwa Sh 14,000 na 20 hafifu kwa Sh 4,000, ataingiza Sh 1,090,000. Amebakiwa na Sh 190,000 kabla ya kulipa dobi, fundi, usafiri na kodi ya meza.

Lakini akipata bora 8 tu, ya kati 37 na hafifu 30, ataingiza Sh 878,000. Hapo amekula hasara ya Sh 22,000 hata kabla ya gharama hizo. Belo ni lile lile kwa uzito na kwa bei. Lililobadilika ni makoti machache ya juu. Ndiyo maana mwenye mtaji wa belo moja tu yuko hatarini kuliko wenye mabelo manne walioungana na kugawana hasara na faida.

Lebo husema, lakini si yote

Jina la mbunifu huvuta mteja, ila jina moja linaweza kuwa na ngazi nyingi. Kwa Armani, lebo ya "Giorgio Armani" ndiyo ya juu. "Emporio Armani" na "Armani Exchange" ziko chini yake. "Armani Collezioni" ilitangazwa mwaka 2017 kuwa itafutwa. Hivyo anayedai kuwa koti la lebo hiyo limetoka kiwandani juzi ni wa kutiliwa shaka.

Lebo husaidia pia kukisia umri. Koti lililoandikwa "West Germany" lilishonwa kabla Ujerumani hazijaungana mwaka 1990. Kwa nguo za Marekani, lebo ya chama cha wafanyakazi yenye herufi ACWA ni ya kabla ya mwaka 1976, na yenye ACTWU ni ya kati ya 1976 na 1995. Maelezo ya ufuaji yalifanywa lazima huko mwaka 1972.

Hata hivyo, lebo hushonwa, na kinachoshonwa huweza kufumuliwa. Uzi wa lebo usiofanana na uzi wa bitana, au alama za sindano ya zamani pembeni, ni dalili kwamba jina limehamishwa.

Kulipima kwa mikono

Hapa vidole hushinda macho. Kamata kifua cha koti chini ya tundu la kifungo, kisha tenganisha kitambaa cha nje na cha ndani. Ukihisi tabaka la tatu linalocheza katikati, kitambaa cha ndani kimeshonwa kwa uzi. Lisipocheza, huenda limegandishwa kwa gundi, na gundi ya zamani huachia na kuvimba kama malengelenge baada ya kufuliwa. Malengelenge hayo fundi hawezi kuyatibu kwa faida.

Bleza lisilo na tabaka hilo lina jaribio lake: tazama mishono ya ndani. Bila bitana hakuna pa kuficha kazi mbovu. Kingo zilizofungwa kwa utepe ni dalili nzuri. Aidha, linyanyue kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo, kagua kwapa na kola, na pima mabega kwanza. Mikono na kiuno fundi cherehani atarekebisha kwa fedha kidogo, lakini mabega ni kazi ghali.

Ushindani na sera

Kamera za siku hizi hupunguzwa kabla ya kufika bandarini. Kampuni za kuuza nguo za wabunifu zilizotumika kwa njia ya intaneti, kama Vestiaire Collective ya Ufaransa iliyoanza mwaka 2009 na The RealReal ya Marekani iliyoanza mwaka 2011, zimewapa wenye nguo za majina sababu ya kuziuza wenyewe badala ya kuzitoa sadaka.

Serikali nazo huweza kubadili hesabu ghafla. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda chini ya AGOA. Kenya ilizuia uingizaji wa mitumba Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, ikaufungua Agosti mwaka huo. Aliyekuwa ameweka mtaji wote katika mzigo ulioko njiani alijifunza maana ya miezi mitano.

Kwa mwekezaji mdogo, njia salama ni kuanza na makoti ya kuchagua, ajue wateja wake wanavaa saizi gani na wanalipa kiasi gani, kisha ahamie belo akiwa na wenzake. Koti la jina likipatikana, liuzwe upesi kwa bei ya haki. Likining'inia miezi sita likisubiri tajiri, limeshakula faida ya mengine kumi.