Mkate wa Krismasi wa Dresden na hesabu za waokaji wa Free Area

Anayeoka nyumbani Free Area, mtaa wa Nakuru, kwa oveni moja ya gesi anajua Desemba inavyombana. Oda karibu zote zinataka kutoka tarehe 23 na 24, kabla wateja hawajapanda matatu kwenda ushago. Keki ya sponji haiwezi kuokwa wiki mbili mapema. Siku hizo mbili zikijaa, oda za ziada huenda kwa jirani.

Hapo ndipo Stollen, mkate wa matunda wa Wajerumani, unapostahili kutazamwa kibiashara. Ni unga uliotiwa hamira, siagi, zabibu kavu, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari na lozi. Ukitoka ovenini unapakwa siagi iliyoyeyushwa na kufunikwa sukari laini. Ukifungwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi, hukaa wiki kadhaa, na ladha yake hukolea kadiri unavyokaa. Kwa mwokaji hiyo ni nafasi ya kuoka Novemba, oveni ikiwa bado na nafasi, na kuuza Desemba.

Ugumu uko kwenye gharama. Vipimo vya Dresden, jiji la Ujerumani ambalo jina la mkate wake linalindwa na Umoja wa Ulaya, vinataka siagi isiyopungua nusu ya uzito wa unga na zabibu asilimia 65. Kwa pakiti moja ya unga ya kilo 2, hiyo ni kilo nzima ya siagi na kilo 1.3 ya zabibu, kabla hujagusa lozi. Kilo hiyo ya siagi peke yake inazidi bei ya pakiti tano za unga. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Hata hivyo, kwenye mkate huu bei ya ngano haisumbui sana.

Kishawishi ni kuweka majarini. Nisingeshauri. Wajerumani wenyewe walipigania siagi hiyo: kanisa liliikataza wakati wa mfungo wa kabla ya Krismasi, hadi barua ya Papa Innocent VIII ya 1491 ilipowaruhusu Wasaksoni wa eneo la Dresden kuitumia. Pa kupunguza ni kwenye matunda na njugu. Embe kavu la Makueni na makadamia ya Murang'a au Embu vinafanya kazi vizuri, ingawa mkate huo hauwezi kuitwa wa Dresden. Zabibu zilowekwe kwenye maji ya machungwa badala ya ramu, maana waumini wengi hapa hawataki kusikia pombe kwenye keki. Hamira nayo ipunguzwe kidogo: Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na unga huumuka upesi kuliko mapishi ya Ulaya yanavyosema.

Kuna pia kodi. Mkate wa kawaida hautozwi VAT. Mswada wa Fedha wa 2024 ulijaribu kuubebesha asilimia 16, na pendekezo hilo likaondolewa Juni kabla mswada wenyewe haujaanguka. Mkate uliojaa siagi na zabibu ni vigumu kuuita wa kawaida, ila mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili kwa VAT. Kwa kuuza WhatsApp na kulipwa kwa M-Pesa, bado kuna leseni ya kaunti na cheti cha afya. Anayetaka rafu za Naivas, duka lililozaliwa Rongai katika kaunti hii hii, atahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na hilo si jambo la kuanza kulishughulikia Novemba.

Kwa msimu wa kwanza ningeoka vipande vya nusu kilo, si mikate mikubwa. Mteja asiyeujua mkate huu atathubutu kununua kidogo, na asiponunua, kilicholala si mtaji wote.