Uwanja wa farasi utufunze kulinda viwanja vya vijiji





Sisi wa Kabanga, wilayani Kasulu, hatuna mbio za farasi. Mbung'o wameusumbua mkoa wetu tangu zamani, na nagana wanayoieneza huua farasi. Wanafunzi wangu wanamjua mnyama huyo kwa picha tu. Hata hivyo, uwanja wake una funzo kwetu.

Mjini Nairobi, mbio za farasi zilifanyika zamani upande wa Kariokor. Mwaka 1954 zilihamia uwanja mpya wa barabara ya Ngong. Uwanja wa kwanza ulimezwa na mji, likabaki jina la barabara tu, Racecourse Road.

Uwanja wa Ngong ulijengwa wakati wa ukoloni kwa starehe ya walowezi. Leo, mbali na farasi, ndani yake mna kiwanja cha gofu, na siku nyingine hufanyika matamasha ya muziki. Sisemi kwamba kila mkulima ana nafasi pale. Nasema kwamba uwanja wenye kazi nyingi hauitwi pori.

Viwanja vyetu vya shule vina kazi nyingi zaidi. Asubuhi ni mchakamchaka, jioni mpira wa vijana, na siku nyingine mikutano ya kijiji na sherehe za taifa. Lakini kiwanja kimoja ninachokijua kimeanza kumegwa. Upande mmoja umepimwa vibanda vya biashara, na goli limesogezwa hadi karibu na barabara. Mpira ukitoka, mtoto anaufuata mbele ya magari. Wazazi walipouliza, waliambiwa eneo lilikuwa limekaa bure.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla ya kupata kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Basi wananchi tuhudhurie mikutano hiyo, tudai muhtasari, na tuhakikishe kila kiwanja kimeandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi. Mipakani tupande miti, ili atakayevuka aonekane.

Nawaomba viongozi wa vijiji na wilaya walitazame jambo hili mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kabanga, Kasulu.