Mafuriko yakimeza shamba, jicho la angani huona nini?

MSOMAJI, ikiwa unaishi Kaptembwo, Nakuru, huenda unadhani mafuriko ya shambani ni jambo la wakulima peke yao. Chumba chako ni cha kukodi, sukuma wiki unanunua kibandani, na mara ya mwisho kushika jembe ilikuwa ulipokwenda kumwona nyanya wakati wa likizo. Lakini gorogoro ya mahindi inapopanda bei, wewe ni miongoni mwa wa kwanza kuhisi. Tena, huenda jirani yako wa ploti moja ana kipande cha ardhi alichokodi upande wa Barut, nacho ndicho kinacholipa karo ya watoto.

Swali letu leo ni hili: maji yakishafunika kipande hicho, ni nani atakayejua ni kiasi gani cha mazao kilichopotea?

Hebu tuanze na Ziwa Nakuru, ambalo haliko mbali na mtaa wako. Mwaka wa 2010 ziwa hilo lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita 40 za mraba. Kufikia mwaka wa 2020 lilikuwa limekaribia 70. Maji yalifunika lango kuu la mbuga, yakaingia nyumba na mashamba ya watu katika sehemu za Mwariki na Barut. Ripoti ya serikali ya mwaka wa 2021 ilisema kwamba kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria kuliathiri karibu familia 76,000 katika kaunti 13.

Ukubwa wa ziwa haupimwi kwa kulizunguka na kamba. Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu mwaka wa 1972, na tangu mwaka wa 2008 picha hizo hutolewa bure kwa yeyote anayezihitaji. Mtaalamu huweka picha ya mwaka mmoja kando ya picha ya mwaka mwingine, kisha huhesabu ardhi iliyogeuka maji. Kazi kama hiyo hufanywa hata hapa kwetu, katika kituo cha kikanda cha ramani kiitwacho RCMRD kule Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka wa 1975. Kenya nayo ilipata setilaiti yake, Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023 ili kusaidia, pamoja na mengine, kilimo.

Rada haiogopi mawingu

Ziwa hupanda polepole, lakini mafuriko mengine hayabishi hodi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliteremka kwa kishindo hadi Mai Mahiu, katika kaunti hii hii ya Nakuru, yakaua watu zaidi ya 40. Siku za mvua kama hizo mbingu hujaa mawingu, na kamera ya kawaida iliyo angani huona mawingu tu.

Hapo ndipo rada inapohitajika. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1 huzunguka dunia ikiwa juu kiasi cha kilomita 700, umbali unaozidi safari ya kutoka Nakuru hadi Mombasa. Hutuma mawimbi ambayo hupenya mawingu, usiku na mchana, kisha husikiliza yanayorudi.

Mwanafunzi, jaribu jambo hili nyumbani usiku. Laza kioo sakafuni, na kando yake tandaza blanketi. Zima taa, simama mbali kidogo, kisha mulika vyote viwili kwa tochi ukiishika karibu na jicho lako. Blanketi litang'aa, lakini kioo kitaonekana cheusi, kwa sababu mwanga umeruka upande wa pili badala ya kukurudia. Maji yaliyotulia ni kama kile kioo. Katika picha ya rada, shamba lililofunikwa na maji huwa jeusi, na ardhi kavu hung'aa.

Hata hivyo, rada nayo hudanganyika. Mahindi marefu yaliyosimama ndani ya maji huyagongesha mawimbi kwenye maji na kwenye mabua, kisha yakarudi kwa nguvu. Shamba kama hilo huweza kung'aa kuliko kawaida, na asiyejua akalihesabu kuwa kavu. Isitoshe, setilaiti moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 12. Maji yakija Jumatatu na kuondoka Jumatano, huenda isiyaone kabisa.

Jani huzungumza

Maji yakiondoka na mawingu yakifunguka, kamera huchukua zamu. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi aina nyingine ya mwanga, infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Jani linapokufa, tofauti hiyo hupungua. Kwa kulinganisha picha za kabla na za baada ya mafuriko, mtaalamu hutambua mahali ambapo ukijani umetoweka.

Lakini kuona maji si sawa na kupima hasara. Maharagwe hayavumilii udongo uliojaa maji, na viazi huoza. Mahindi machanga yaliyozama kabisa huweza kufa kwa siku chache tu, lakini nduma hupenda maji. Mkulima aliyefurikiwa mwezi wa Aprili amepoteza mbegu, mbolea na gharama ya kulima, lakini labda ana muda wa kupanda tena. Aliyefurikiwa mahindi yakikaribia kukomaa amepoteza msimu mzima. Kutoka angani, mashamba hayo mawili huweza kuonekana kama doa moja.

Ukubwa wa shamba pia una maana. Kila kijimraba katika picha za Sentinel-1 au za kamera ya Sentinel-2 ni kama mita 10 kwa 10. Ekari moja hupata viraba 40 hivi. Kipande cha futi 50 kwa 100 hakifikishi hata 5, na baadhi yake huchanganyika na ua la jirani au barabara. Kwa hivyo, mwenye shamba kubwa la ngano huonekana wazi, na mama aliyechanganya mahindi, maharagwe na viazi kwenye kipande cha kukodi hupotea kwenye picha.

Jambo hili si la darasani tu. Wafugaji wa Marsabit walianza mwaka wa 2010 kupata bima ambayo hutumia setilaiti kupima ukijani wa malisho. Mwaka wa 2016, Nakuru, Embu na Bungoma zilikuwa kaunti za kwanza katika mpango wa bima ya mazao wa serikali, ambapo malipo yalitegemea wastani wa mavuno ya eneo zima. Eneo likifanya vizuri lakini shamba lako likazama, wastani haukujui.

Basi familia ifanye nini? Mwanafunzi mwenye simu anaweza kumsaidia mzazi wake. Simama katika kila pembe ya shamba, uandike nambari za mahali ambazo simu huonyesha kwenye ramani. Andika tarehe ya kupanda, aina ya zao, na uweke risiti za mbegu na mbolea. Piga picha kutoka mahali pamoja kila baada ya wiki mbili. Maji yakija, usiyaingie. Andika siku yaliyofika na siku yaliyoondoka. Kisha peleka habari hizo kwa afisa wa kilimo na kwa chifu mapema, kabla matope hayajakauka na ushahidi kupotea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Setilaiti itaonyesha kwamba maji yalifika Barut. Kwamba palikuwa na mahindi ya mama yako, yenye umri wa wiki sita, hilo litajulikana tu ikiwa mtu aliyeko chini aliliandika.